Kurekebisha Shabaha ya Raifo Mpya kwa Mara ya Kwanza: Mwongozo Kamili

Anayeshindwa kurekebisha shabaha ya bunduki mpya, yaani kuifanya ipige pale anapolenga, kwa kawaida hajashindwa na bunduki. Amepiga risasi moja, imekwenda kushoto, akazungusha kifundo cha darubini kwenda kulia. Ya pili imekwenda juu, akashusha. Ya tatu haikuonekana kwenye karatasi. Boksi la risasi 20 linakwisha, darubini iko mbali zaidi ya pale ilipoanzia, na lawama inampata fundi au muuzaji.

Kosa ni kurekebisha kwa tundu moja. Tundu moja linaweza kuwa mahali lilipo kwa sababu ya pumzi, ya bega, ya upepo, ya mafuta mtutuni au ya darubini yenyewe, nawe huwezi kujua ni ipi. Matundu matatu yaliyopigwa kwa mtindo uleule ndiyo yanayosema bunduki inapiga wapi. Usiguse kifundo kabla hujayapata.

Hatua zinazofuata ni za bunduki ya komeo yenye darubini, kwa mmiliki mwenye leseni katika mkoa wa Tanga: mkulima wa Handeni au Kilindi anayesumbuliwa na nguruwe pori, mwindaji mwenye kibali, mlinzi wa shamba kubwa Muheza au Korogwe. Aliye Bagamoyo atatumia hatua hizohizo. Bunduki za vilengeo vya chuma zina sehemu yake mbele.

## Vifaa vya kuandaa

Kusanya vyote kabla ya kutoka nyumbani. Kukosa bisibisi ya senti chache kumeharibu asubuhi nyingi.

- Leseni ya silaha na kitambulisho chako.
- Risasi 30 za aina moja: kiwanda kimoja, uzito mmoja wa kichwa cha risasi, na namba moja ya toleo iliyopigwa kwenye boksi. Kwa anayefuata hatua bila kuruka, 20 zinaweza kutosha. Usichanganye mabaki ya maboksi tofauti.
- Kinga ya masikio na miwani ya kinga, kwako na kwa kila atakayekuwepo. Mlio wa raifo hufika kama desibeli 160, na sikio huanza kuumia papo hapo kwenye 140. Pamba haitoshi.
- Meza nzito isiyotikisika na kiti cha kimo kinacholingana nayo.
- Mifuko miwili ya kuegemezea: mkubwa wa mbele, mdogo wa nyuma. Kata kiroba, shona, jaza mchanga mkavu wa mtoni. Usichukue mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na chumvi ikigusa chuma kutu haichelewi. Mfuko wa nyuma unaweza kujazwa pumba za mpunga, ni mwepesi na unabonyea vizuri.
- Karatasi za manila nne au tano, maka peni nyeusi, rula, maboksi makubwa ya kubandikia, pini, na karatasi ya gundi ya kuzibia matundu.
- Futi ya kamba ya mita 50.
- Alenki na bisibisi zinazoingia sawasawa kwenye skrubu za bunduki yako.
- Timazi ya fundi mwashi.
- Ufito wa kusafishia mtutu, vitambaa vya pamba, mafuta ya bunduki.
- Darubini ya mkononi, ili usitembee mita 100 kutazama kila tundu.
- Daftari na kalamu.
- Turubai la kivuli, maji ya kunywa, bandeji za kukandamizia damu, na mtu mzima wa pili mwenye usafiri.

Kuchora karatasi ya shabaha. Tazama kwanza kifundo cha darubini yako. Kikiwa na maandishi 1/4 MOA (kipimo cha pembe), kila kliki moja, yaani mruko mmoja wa kifundo, inahamisha tundu milimita 7 hivi katika mita 100. Chora miraba ya milimita 29 kwenye manila nzima. Kwa miraba hiyo hutahitaji kikokotoo: mraba mmoja ni kliki 4 katika mita 100, kliki 8 katika mita 50, na kliki 16 katika mita 25. Kifundo kikiwa na 0.1 MRAD (kipimo kingine cha pembe), chora miraba ya milimita 50. Mraba mmoja ni kliki 5 katika mita 100 na kliki 20 katika mita 25. Katikati paka mraba mweusi wa sentimita 5.

## Hatua ya 1: Tafuta mahali penye tuta la kweli

Hii ndiyo hatua ambayo watu huipita haraka na ndiyo inayoua. Risasi ya .30-06, ya raifo ya kuwindia, ikikosa tuta inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Hata ile ndogo ya .22 inapita kilomita moja. Kati ya hapo kuna njia ya shule, kuna mgema juu ya mnazi, kuna mchungaji aliyelala kivulini.

Unatafuta tuta la udongo laini, refu kuliko mtu kwa kiasi cha kutosha na pana, au ubavu wa kilima usio na mawe. Shabaha ikae sehemu ya chini ya tuta, ili udongo mwingi ubaki juu yake.

Mahali pasipofaa katika ukanda wetu ni pengi, na baadhi panaonekana pazuri kwa macho:

Machimbo ya mawe ya chokaa. Risasi ikigonga jiwe inaruka upande usioujua.

Mashamba ya mkonge. Yamenyooka, mistari yake inavutia kupima umbali, lakini ni tambarare na daima kuna mkataji ndani.

Bahari na mashamba ya chumvi. Maji hayameizi risasi iliyokuja kwa pembe ndogo. Risasi hudunda juu yake na kuendelea, na baharini kuna ngalawa usizoziona.

Kichuguu. Ni kigumu kama sementi wakati wa kiangazi, na ni chembamba mno.

Ndani au kandokando ya hifadhi usiingie na bunduki kwa kazi hii. Saadani inagusa Pangani na Bagamoyo, Mkomazi inagusa Lushoto, na mapori mengi kati yake yana mamlaka yake. Bunduki bila kibali ndani ya hifadhi ni kesi hata kama hukumlenga mnyama. Kuhusu wapi unaruhusiwa kupiga, muulize mkuu wa polisi wa wilaya yako kabla. Umiliki na matumizi ya silaha vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni peke yake haikupi ruhusa ya kupiga popote. Ukisharuhusiwa, mpe taarifa mtendaji wa kijiji, na majirani wasikie kwake kwamba asubuhi fulani kutakuwa na milio.

Muda mzuri ni kuanzia mwanga kamili hadi saa nne hivi. Baada ya hapo upepo wa bahari huamka na joto hufanya picha ya shabaha ichezecheze ndani ya darubini.

Umefaulu ikiwa: ukisimama mezani, kila risasi inayotoka mtutuni, hata ile iliyokwenda kombo, inaishia kwenye udongo.

## Hatua ya 2: Kagua bunduki na ukaushe mtutu

Elekeza mtutu upande salama, toa magazini, vuta komeo, tazama chemba kwa jicho kisha ingiza kidole. Fanya hivyo hata kama umeambiwa ni tupu.

Bunduki mpya hutoka kiwandani na grisi ya kuzuia kutu. Grisi hiyo ikibaki mtutuni, risasi za kwanza zitakwenda ovyo, na ikiwa nyingi inaweza kupandisha shinikizo kwa hatari. Toa komeo, pitisha vitambaa vikavu kutoka upande wa chemba kwenda mdomoni, kimoja baada ya kingine, hadi kitoke bila alama ya mafuta. Kisha elekeza mtutu kwenye mwanga uchungulie: unatakiwa kuona duara safi linalong'aa, bila uzi wala kipande cha kitambaa.

Kabla ya kurudisha komeo, kagua skrubu zinazoshika chuma kwenye kitako. Zikaze kwa kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha bunduki. Kisha pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, kutoka mbele kurudi nyuma. Katika bunduki ambayo mtutu wake umeachwa huru, karatasi hupita bila kukwama hadi karibu na chemba. Ikikwama, mbao inagusa mtutu, na shabaha itahama kila mtutu unapopata joto. Kwa kitako cha mbao cha pwani hili ni jambo la kutazama kila masika, kwa sababu mbao hunywa unyevu na kuvimba.

## Hatua ya 3: Funga darubini

Robo tatu ya shabaha zinazohama bila sababu huanzia hapa, kwa maoni yetu, na fundi mwenye haraka hatakuambia.

Futa mafuta kabisa kwenye matundu ya skrubu na chini ya vikalio, yaani vyuma vya juu ya bunduki vinavyobeba pete za darubini. Kaza vikalio kwa nguvu ya Nm (nyutoni mita) 2.3 hadi 2.8 kama mtengenezaji hakusema vinginevyo. Weka darubini kwenye pete bila kukaza, ili iweze kuteleza.

Sasa umbali wa jicho. Weka darubini kwenye ukuzaji wa juu kabisa, fumba macho, leta bunduki begani ukae kawaida, kisha fumbua. Unatakiwa uone duara zima bila kivuli cheusi pembeni. Sogeza darubini mbele au nyuma hadi iwe hivyo. Kwa kawaida jicho litakaa sentimita 9 au 10 nyuma ya kioo. Kwa bunduki yenye teke kubwa kama .375 H&H usikubali chini ya hapo; ukingo wa darubini hupasua nyusi.

Kunyoosha msalaba, yaani mistari ya kulengea ndani ya darubini, ni kazi ya timazi. Itundike mita 25 mbele, bunduki ikae wima juu ya mifuko, kisha zungusha bomba la darubini hadi mstari wa wima wa msalaba ufuate kamba ya timazi. Ukiuacha umelala upande, risasi itakuwa sawa umbali mmoja na kukosea umbali mwingine.

Kaza skrubu za pete kidogo kidogo, kwa mtindo wa kuvuka: juu kushoto, chini kulia, juu kulia, chini kushoto. Ukomo ni Nm 1.7 hadi 2.0. Asiye na spana ya kupimia atumie alenki fupi kwa vidole viwili, mpaka igome. Anayekaza kwa kiganja kizima hubonyeza bomba na vifundo huacha kutii.

Umefaulu ikiwa: nafasi kati ya nusu mbili za kila pete inalingana pande zote, na ukijaribu kuzungusha darubini kwa mkono haitikisiki.

## Hatua ya 4: Chungulia mtutuni kabla ya kupoteza risasi

Bandika manila juu ya boksi kubwa kwenye tuta, pima mita 25 kwa futi, weka meza.

Bunduki ikiwa tupu na komeo limetolewa, ilaze juu ya mifuko. Chungulia kupitia mtutu kutoka nyuma na usogeze mifuko hadi mraba mweusi ukae katikati kabisa ya duara la mtutu. Sasa, bila kuitikisa bunduki, inua jicho utazame darubini. Msalaba utakuwa mahali pengine. Zungusha vifundo hadi msalaba nao ukae kwenye mraba mweusi. Rudi mtutuni uhakikishe bunduki haijasogea.

Hapa wengi huzungusha kinyume. Mshale wa kifundo unaonyesha tundu la risasi litakwenda wapi, wala hauonyeshi msalaba utakwenda wapi. Kwa hiyo wakati wa kuchungulia, zungusha kuelekea upande ambao msalaba umekaa: ukiwa juu ya mraba mweusi, zungusha kwenye UP, ukiwa kushoto, zungusha kwenye L. Msalaba utarudi katikati.

Bunduki ambayo huwezi kuchungulia mtutu wake kutoka nyuma inahitaji kifaa cha leza cha kuingiza chemba. Ukikitumia, kitoe na ukiweke mezani mbele ya macho yako kabla risasi haijasogea karibu.

## Hatua ya 5: Kaa mezani ipasavyo

Mfuko mkubwa uwe chini ya sehemu ya mbele ya kitako, kiganja kimoja mbele ya magazini. Kamwe usiegemeze mtutu wenyewe. Ukiegemezwa hupiga mbali na mahali ambapo utapiga ukiwa porini. Mfuko mdogo ukae chini ya kisigino cha kitako. Mkono wa kushoto uwe kwenye mfuko huo: ukiubana, kitako kinapanda na msalaba unashuka, ukiulegeza, msalaba unapanda. Mkono wa kulia unashika na kuvuta triga, basi.

Kitako kikae begani kwa nguvu ileile kila mara. Viwiko mezani, nyayo zote mbili chini.

Pumua, toa nusu ya pumzi, simamisha. Bonyeza triga kwa ncha ya kidole polepole, ukiongeza nguvu hadi bunduki ilie yenyewe. Kabla ya risasi ya kweli, fanya hivyo mara kumi bunduki ikiwa tupu ukitazama msalaba: usiruke wakati triga inapokatika. Bunduki za .22 usizivute tupu hivyo, kwa nyingi pini hugonga ukingo wa chemba na kuuharibu.

## Hatua ya 6: Risasi tatu katika mita 25

Masikio, miwani. Tangaza kwa sauti kwamba unapiga. Hakuna mtu mbele ya mstari wa meza.

Jaza risasi moja tu kila mara. Lenga katikati ya mraba mweusi, piga. Usitazame tundu. Jaza ya pili, lenga palepale, piga. Ya tatu vilevile. Hata ukijua ya kwanza imekwenda pembeni, endelea kulenga palepale.

Fungua komeo, hakikisha chemba ni tupu, iache bunduki mezani mdomo ukielekea tuta, ndipo mtu atembee kwenda kwenye karatasi.

Hatari mbili za kukumbuka. Ukivuta triga na risasi isilie, usifungue komeo. Shikilia mtutu kwenye tuta uhesabu sekunde 30. Baruti nyingine huchelewa. Na ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, na teke dhaifu, simama kabisa. Toa komeo uchungulie mtutu. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama ndani, na risasi inayofuata itapasua mtutu usoni pako.

Ikiwa hakuna tundu hata moja kwenye boksi, usibahatishe kwa kuzungusha. Sogeza meza hadi mita 10, piga moja, utaona.

Umefaulu ikiwa: matundu matatu yanafunikwa na duara la sentimita 2 hivi, popote pale kwenye karatasi. Mahali hapana umuhimu bado. Kama yametawanyika sentimita 6 au 7, rudi kwenye skrubu na kukaa mezani. Kuzungusha kifundo hakutakusaidia.

## Hatua ya 7: Tafuta kitovu, hesabu kliki

Unganisha matundu mawili yaliyo karibu kwa mstari. Weka alama katikati ya mstari huo. Kutoka kwenye alama hiyo chora mstari hadi tundu la tatu, kisha pima theluthi moja ya mstari huu ukianzia kwenye alama. Hapo ndipo kitovu cha kundi, na hapo ndipo unapopimia.

Sasa jambo ambalo huwachanganya wengi: katika mita 25 hutaki risasi iguse pale unapolenga. Darubini iko juu ya mtutu kwa sentimita 4 hivi, na risasi hutoka chini ya mstari wa jicho ikipanda kuukuta. Kwa raifo za kawaida kama .308, .30-06 na .375 H&H, ukitaka risasi iwe sawa katika mita 100, katika mita 25 inatakiwa ipige sentimita moja hadi moja na nusu chini ya ulipolenga. Ukiisawazisha kabisa katika 25, katika 100 itakuwa juu kwa sentimita 5 hadi 6.

Tuchukue mfano. Kitovu kiko sentimita 6 chini na sentimita 4 kushoto, darubini ni ya 1/4 MOA. Katika mita 25 kila kliki ni milimita 1.8. Tunataka kitovu kibaki milimita 14 chini, kwa hiyo tunapandisha milimita 46: hizo ni kliki 25 au 26 kwenye UP. Kushoto milimita 40: kliki 22 kwenye R.

Zungusha polepole ukihesabu kwa sauti, mwenzako naye akihesabu. Andika. Ukimaliza, gonga kifundo kidogo kwa kitako cha bisibisi. Kwenye darubini za bei ndogo sehemu za ndani huchelewa kutulia, na risasi moja baadaye ndiyo huzituliza.

Piga tatu nyingine. Kama hesabu ilikuwa sahihi, kitovu kitakuwa ndani ya nusu sentimita ya mahali ulipokusudia. Kama kifundo ulikizungusha juu lakini kundi limekwenda chini, ulisoma mshale vibaya: rudisha kliki zote, anza upya. Kama umezungusha kliki 25 na kundi limesogea kwa 10 tu, darubini haitii. Hiyo ni ya kurudisha dukani.

## Hatua ya 8: Mita 100

Kwanza mtutu upoe. Weka bunduki kivulini, komeo wazi, dakika kumi au zaidi. Kwa joto la Tanga dakika tano hazitoshi. Kipimo ni mkono: ukiweza kuushika mtutu bila kutaka kuuachia, endelea.

Pima mita 100 kwa futi mara mbili za 50. Hatua za miguu hudanganya. Bandika manila mpya, piga tatu kwa mtindo uleule, na baina ya risasi subiri dakika moja au mbili.

Kundi la sentimita 4 hadi 5 ni zuri kwa bunduki ya kuwindia na risasi za dukani. Likizidi 8, tafuta sababu kwanza.

Amua unataka risasi ipige wapi. Kwa vichaka na pembezoni mwa mashamba, ambako mnyama huonekana karibu, weka sawa katika mita 100. Kwa mbuga za wazi, iache sentimita 5 juu katika 100; kwa .30-06 ya kichwa cha grein 180 (grein ni kipimo cha uzito), hiyo itaifanya iwe chini kwa sentimita 3 au 4 tu katika mita 200, na hutahitaji kukisia.

Rekebisha kwa miraba: mraba mmoja, kliki 4 (kliki 5 kwa MRAD). Piga tatu za kuthibitisha.

Kuhusu upepo: katika mita 100 upepo wa pembeni wa kilomita 10 kwa saa husukuma risasi ya .30-06 kwa kama sentimita moja. Ni kidogo, lakini kaskazi au kusi ikishika kasi, ukarekebisha kifundo kwa ajili yake, umeifunga bunduki kwenye upepo wa siku hiyo. Subiri utulie, au rudi kesho.

Umefaulu ikiwa: makundi mawili mfululizo, bila kugusa kifundo, yana kitovu kilekile kwa tofauti isiyozidi sentimita 2.

## Hatua ya 9: Mtutu baridi

Porini utapiga risasi ya kwanza mtutu ukiwa baridi. Kwa hiyo siku nyingine, asubuhi, weka karatasi katika mita 100 upige moja. Tundu likiangukia ndani ya kundi lako, kazi imekwisha. Likiwa pembeni, usirekebishe bado: rudia siku mbili nyingine, na likirudia palepale, ijue tabia hiyo ya bunduki na uiandike.

Legeza skrubu ndogo za kofia ya kifundo, rudisha alama ya sifuri mbele ikiwa darubini yako inaruhusu, kaza. Andika daftarini: tarehe, umbali, aina na uzito wa risasi, namba ya toleo, hali ya hewa.

## Kusoma matundu yanapokataa kukaa pamoja

Mstari wa juu kwenda chini: mtutu umepata joto, mbao inagusa mtutu, au unapiga kabla pumzi haijatulia. Yakipanda kwa mpangilio, la kwanza chini na la tatu juu, joto ndilo la kwanza kushukiwa.

Mstari wa kushoto kwenda kulia: upepo, bunduki kulala upande, au kidole kinasukuma triga badala ya kuibonyeza.

Makundi mawili mazuri yaliyoachana: kitu kimelegea. Anza na vikalio.

Chini na kulia kwa anayetumia mkono wa kulia: unashtuka. Mwenzako akujazie bunduki bila wewe kuona, mara risasi ya kweli, mara ganda bandia la mazoezi. Mdomo wa bunduki ukizama kwenye ganda bandia, umepata jibu. Pumzika, maana teke la bunduki kubwa huchosha bega kabla hujatambua, na risasi 15 za .375 kwa kikao kimoja ni nyingi kwa anayeanza.

Yametawanyika bila mpangilio: jaribu risasi za uzito mwingine. Kila mtutu una zinazoupendeza.

## Bunduki ya vilengeo vya chuma

Kanuni ni mbili. Kilengeo cha nyuma kisogeze upande unaotaka tundu liende. Kilengeo cha mbele kisogeze kinyume: tundu likiwa kushoto, nacho kisogeze kushoto, tundu likiwa chini, kifupishe.

Kiasi cha kusogeza: zidisha kosa kwa urefu kati ya vilengeo viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa milimita. Kosa la sentimita 10 katika mita 50, vilengeo vikiwa mbali kwa milimita 500, ni milimita 1. Ndiyo maana tupa inatumika kwa kugusa mara mbili tatu kisha kupiga. Chuma kilichokatwa hakirudi.

Kwa .22, fanya yote haya katika mita 25 na 50, na isawazishe katika 50. Ikiwa ina darubini, katika 25 itakuwa juu kwa sentimita moja hivi.

## Baada ya kurudi nyumbani

Pakua, kagua chemba, hesabu risasi zilizobaki na maganda. Safisha mtutu, paka mafuta mepesi nje na ndani, funga bunduki kwenye sanduku la chuma, risasi kando. Usiiache kwenye begi la kitambaa; hewa ya pwani huingia na unyevu hubaki.

Ukijua umeacha mafuta mtutuni, yapanguse kwa kitambaa kikavu kabla ya kupiga tena, na risasi ya kwanza usiihesabu. Thibitisha upya kwa risasi tatu katika mita 100 kila ukibadilisha toleo la risasi, darubini ikigongwa, kitako kikifunguliwa, bunduki ikisafirishwa umbali mrefu kwenye barabara mbovu, na kila masika yakikatika.